Bamba tuliloliita pambo: kisa cha kuunda upya "nge" wa Kirumi wa shibiri tatu

Majina ya watu, mji na jumba la makumbusho lililogharamia kazi hii nimeyaondoa, na mambo madogomadogo nimeyabadili ili wahusika wasitambulike. Ilikuwa Ulaya, katika karakana ya watu wa kujitolea. Tulikuwa watano: mhandisi mstaafu aliyetuongoza, msomi wa Kilatini, fundi chuma, mwanafunzi wa akiolojia, na mimi seremala. Tulitaka kuunda upya mtambo wa kurusha mishale ambao Warumi waliuita scorpio, yaani nge, na kuufyatua mbele ya watu siku ya maonyesho. Nge wetu alipasuka kichwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo.

Usuli

Ukimwambia mtu "mtambo wa kurusha", atafikiria manati, ile panda ya mti yenye mipira. Manati hupata nguvu kwa mpira kuvutika, na uta kwa mti kupindika. Nge wa Kirumi nguvu yake iko kwenye msokoto. Aliyewahi kuwatazama matingo wakifunga mzigo juu ya lori anaujua msokoto: kamba inapitishwa maradufu, kijiti kinachomekwa katikati na kuzungushwa mpaka kamba inalia. Kiachie kijiti hicho ghafla uone kitakavyovifanya vidole vyako. Basi simamisha mabunda mawili ya kamba wima ndani ya fremu ya mbao, moja kushoto na moja kulia, kila bunda limebana mkono wa mti. Funga upote kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya mwingine, kisha uvute nyuma kwa winchi. Huyo ndiye nge. Wagiriki walimbuni, Warumi wakamrithi na kumzidisha.

Alikuwa silaha ya kulenga mtu mmoja mmoja. Mwaka 52 KK, Warumi walipouzingira mji wa Avaricum katika Gaul, ambayo ni Ufaransa ya leo, Caesar alimwona Mgauli amesimama mbele ya lango akitupa mabonge ya shahamu na lami kwenye moto uliokuwa ukiteketeza tuta la Warumi la kuushambulia mji. Mshale wa nge ukampiga ubavu wa kulia akaanguka. Wa pili akamruka maiti, akashika kazi ileile, akafa vilevile. Akaja wa tatu, na baada yake wa nne.

Mtambo mzima wa mbao haukubaki popote. Anayetaka kuuunda upya ana mashahidi wa aina mbili, nao hawasemi lugha moja.

Shahidi wa kwanza ni maandishi. Vitruvius, aliyekuwa mwenyewe mtu wa mitambo jeshini, anatoa vipimo katika kitabu chake cha kumi. Kabla yake kuna Filoni wa Byzantion, na baada yake Heron wa Alexandria, wote kwa Kigiriki. Kanuni yao kuu kwa mtambo wa mishale ni rahisi kiasi cha kushangaza: chukua urefu wa mshale, tafuta tusui yake, yaani sehemu moja ya tisa, na hicho ndicho kipenyo cha tundu linalopitisha bunda la kamba. Kila kipande kingine hupimwa kwa tundu hilo: nguzo ya pembeni matundu manne kwenda juu, mkono matundu saba, na kadhalika. Mshale wa shibiri tatu una vidole 36, kwa hiyo tundu ni vidole vinne, karibu milimita 77. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa: shibiri ya Mgiriki na shibiri ya bibi zetu waliopima kitambaa kwa mkono zinakaribiana mno.

Taabu ya shahidi huyu ni tarakimu. Vitruvius aliandika sehemu za namba kwa herufi na vidoadoa kama walivyozoea Warumi, na nakala ya zamani zaidi ya kitabu chake tuliyo nayo iliandikwa kama miaka 800 baada yake, na mtu ambaye hakuwahi kumwona nge. Kidoa kimoja kikiruka, nguzo inanenepa au inakonda. Wahariri wa karne zilizofuata walisahihisha, kila mmoja kwa hesabu yake.

Shahidi wa pili ni ardhi. Mwaka 1912, huko Ampurias, Catalonia, wachimbaji walikuta fremu ya mtambo wa namna hii. Mbao zilikuwa zimeoza, lakini mabamba ya chuma yaliyozifunika yalibaki, pamoja na washa za bronzi, yaani pete nene zilizoshika kamba juu na chini. Kwa kuwa mabamba yalifuata umbo la mbao, mbao zilizopotea zinasomeka ndani yake kama mguu unavyosomeka kwenye matope makavu. Matundu yake yana upana wa kama sentimita nane. Jioni ile mwanafunzi wetu alipoiweka namba ya Ampurias kando ya namba ya Vitruvius, mhandisi alipiga meza kwa furaha. Vitabu na ardhi vilikuwa vimekubaliana.

Nadhani furaha ile ndiyo iliyotuponza.

Tulivyoamua, na sababu zake

Kuchagua Ampurias hakukutusumbua. Kulikuwa na mtambo mkubwa zaidi uliopatikana Hatra, Iraki, miaka ya 1970, lakini fremu yake ni pana sana, na wataalamu bado wanabishana kama mikono ya mitambo ya aina hiyo ilifunguka kwa nje au kwa ndani. Hatukutaka kuingia ugomvi huo kwa mtambo wetu wa kwanza.

Vipimo vya mbao tulivitoa kwenye vitabu. Mhandisi alitengeneza jedwali kwenye kompyuta: jina la kipande, idadi ya matundu, milimita. Msomi wa Kilatini aliweka matoleo mawili yaliyochapishwa ya Vitruvius, na pale yalipotofautiana tulipaka kisanduku rangi ya njano. Ilikuwa kazi safi. Ila jedwali hilo lilikuwa la mbao peke yake. Chuma hakikupewa hata safu moja.

Ndipo likaja suala la mabamba. Fundi chuma alisema kufua mabamba ya kuzunguka fremu, yenye kukata mashimo na kufuata mkunjo wa nguzo, kungemchukua wiki nyingi kuliko alizokuwa nazo. Mhandisi akasema mabamba yale kazi yake ilikuwa kukinga mtambo dhidi ya mawe na mishale ya adui, na kwa kuwa hakuna adui atakayetupiga mawe siku ya maonyesho, tungeweza kubandika bati jembamba mwishoni kwa ajili ya picha. Tuliokuwepo wote tulikubali. Mimi mwenyewe nilikubali haraka, kwa sababu bamba la chuma juu ya kazi ya seremala linaficha maungio yake, na maungio yangu yalikuwa mazuri.

Uamuzi wa nne ulihusu kamba, nao ulitugharimu muda mwingi kuliko yote. Wagiriki na Warumi walitumia kano za wanyama. Heron anasema kano za mnyama yeyote zinafaa isipokuwa nguruwe, na kwamba kano bora ni za viungo vinavyofanya kazi zaidi: miguu ya paa, shingo ya fahali. Nywele za wanawake nazo zilitumika. Carthage ilipozingirwa na Warumi katika vita vya mwisho, vilivyoanza mwaka 149 KK, wanawake wa mji walikata nywele zao zisokotwe kamba za mitambo.

Tulijaribu kano. Machinjioni walitupa kano za miguu ya ng'ombe bure, wakicheka. Ikiwa mbichi, kano ni nyeupe na inateleza kama samaki. Ikikauka inageuka kitu cha rangi ya asali, kigumu kama pembe, na hapo ndipo kazi inapoanza. Unaigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, juu ya gogo, huku ukiigeuza, mpaka ianze kufumuka nyuzinyuzi. Ukigonga kwa hasira nyuzi zinakatika. Ukigonga kwa huruma hazifumuki. Kisha unazichambua kwa vidole, unazilowesha, unazisokota. Wazee wetu waliotengeneza upote wa uta kwa kano wangetuona watoto. Baada ya jioni nyingi tulikuwa na kamba moja isiyofikia urefu wa mlango, na nge anataka mabunda mawili yaliyojaa matundu ya sentimita nane. Tukanunua nailoni.

Yaliyotokea

Fremu ilikuwa ya mti wa ash. Mbao mbili nene zenye matundu, ya juu na ya chini, na nguzo zilizosimama katikati yake, kila nguzo na ndimi zake zimeingia kwenye mbao zile. Kwa hiyo ubao wa juu ulikuwa umetobolewa matundu mawili makubwa ya kamba, na jirani yake kuna matundu ya kuingizia ndimi. Seremala yeyote akitazama mchoro huo ataona mahali pembamba palipobaki kati ya tundu na tundu. Mimi niliona. Nilijiambia kwamba Warumi walijenga hivyohivyo na haikuwaangusha.

Kuvuta kamba kulichukua siku mbili. Kila mzunguko ulivutwa kwa winchi, ukabanwa usirudi, ukafuatiwa na mwingine. Waandishi wa kale wanataka kamba ivutwe hadi ikonde kwa theluthi ya unene wake. Nailoni ilikonda kidogo tu, na usiku ikajilegeza yenyewe.

Kisha kulinganisha mabunda mawili. Vitruvius anasema fundi apige kamba kwa mkono na kusikiliza, mpaka kushoto na kulia zitoe sauti moja, kwani bunda moja likizidi lingine mshale hauendi ulikoelekezwa. Mhandisi alileta programu ya simu ya kupimia sauti. Programu ilichanganyikiwa, sauti ya bunda ni nzito na fupi mno. Aliyeweza kazi hiyo ni msomi wa Kilatini, anayepiga fidla nyumbani. Aliinamisha sikio, akapiga bunda la kushoto kwa kifundo cha kidole, akapiga la kulia, akanyoosha kidole juu: la kulia liongezwe. Fundi chuma akasukuma kidogo nondo iliyolala juu ya washa, washa ikazunguka, pini ikahamia shimo linalofuata. Tena. Tena. Mshale wa kwanza, kwa mvuto wa nusu, ulikwenda kushoto kwa hatua mbili hivi. Baada ya kulinganisha upya ulikwenda sawa. Katika mradi mzima, siku ile ndiyo niliyohisi Mrumi amesimama nyuma yetu.

Kesho yake nailoni ilikuwa imelegea tena. Njia sahihi ilikuwa kufungua yote na kuivuta upya. Njia ya mkato ilikuwa kuzungusha washa zaidi, yaani kuongeza msokoto juu ya msokoto. Filoni alishaonya juu ya hilo zaidi ya miaka 2000 iliyopita: kuzidisha msokoto kunaiua kamba nguvu. Onyo hilo lilikuwa kwenye tafsiri iliyokaa juu ya benchi yetu. Lakini siku ya maonyesho ilikuwa inakaribia, na mhandisi akaamua kuzungusha. Tukapiga mishale kadhaa kwa mvuto wa nusu, kisha akasema tujaribu mvuto kamili.

Hatukufika huko. Winchi ikiwa theluthi mbili ya njia, tulisikia mlio mkavu kama ubao wa dari unaokanyagwa na mtu mzito. Hakuna kilichoruka. Fundi chuma alikuwa ameshika kamba ndefu ya kufyatulia, amesimama nyuma na pembeni kama tulivyokubaliana tangu mwanzo, nasi wengine tulikuwa nyuma ya ukuta. Tukasubiri. Akalegeza winchi jino kwa jino.

Ubao wa juu, upande wa kushoto, ulikuwa umepasuka kufuata nyuzi za mti, kutoka kwenye tundu la kamba mpaka kwenye tundu la ulimi. Ufa uliweza kuingia sarafu. Washa ilikuwa imezama ndani ya mbao na kuacha pete iliyobonyea. Upande wa kulia haukuwa na ufa, lakini pete ile ilikuwepo vilevile.

Baada ya kupasuka

Siku hiyo hakuna aliyelaumu mwenzake, ila wiki iliyofuata tulilaumiana vya kutosha. Mhandisi alitaka tujenge kichwa kipya kwa mbao zilizogundishwa tabaka tabaka, na bamba la chuma cha pua lifichwe ndani. Msomi wa Kilatini alitaka siku ya maonyesho iahirishwe. Makumbusho hayakutaka kuahirisha, matangazo yalikuwa yametoka.

Mwanafunzi ndiye aliyetupa neno la maana. Aliweka picha ya mabamba ya Ampurias juu ya ubao uliopasuka. Chuma kilipita juu ya kila mahali palipopasuka kwetu, kikazunguka tundu, kikashika kingo. Akauliza kwa upole kama adui wa Warumi alikuwa na desturi ya kurusha mawe yake kwenye sehemu dhaifu za seremala tu.

Tuligawana kazi. Kichwa cha mhandisi kilijengwa kwa ajili ya maonyesho, na nailoni yake. Kichwa cha pili nilikijenga mimi kwa vipimo vilevile vya kile kilichopasuka, bila kuongeza hata milimita, na fundi chuma akafua mabamba na kuyapigilia misumari kwa umbo la Ampurias. Kamba yake ilikuwa ya singa za mkia wa farasi. Hatukubuni sisi: Erwin Schramm, afisa wa mizinga wa Kijerumani aliyeunda upya mitambo hii Saalburg, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia singa pia.

Matokeo

Siku ya maonyesho ilipita salama. Nge wa chuma cha pua alirusha, watoto wakashangilia, mshale ukazama kwenye majani makavu. Kibao kando yake kilisema mtambo umejengwa "kama Warumi walivyoujenga". Nilimwomba msimamizi kibao hicho kirekebishwe. Kilirekebishwa baada ya miezi mitatu.

Kichwa cha pili kilivutwa hadi mwisho. Ubao wa unene uleule uliopasuka ulihimili mvuto kamili, mara nyingi, ukiwa umevaa chuma chake. Tulipofungua mabamba kukagua, alama ya washa kwenye mbao ilikuwa hafifu tu.

Watu huniuliza ulirusha umbali gani. Wa nailoni sisemi, na si kwa sababu ya siri. Namba ile ingekuwa sifa ya kiwanda cha nailoni, na ingezunguka kwenye mitandao kama umbali wa nge wa Kirumi. Wa singa nao nausubirisha mpaka tupate kano.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote hakikuwa elimu ya Kirumi. Ilikuwa ile kanuni ya kamba ndefu na ukuta. Mtambo wa msokoto hauna hali ya kupumzika. Ukishafungwa kamba, umebeba mzigo wake mchana na usiku. Tungekuwa tumemsogelea kumshangaa, kisa hiki kingeandikwa na mtu mwingine.

Cha pili ni daftari. Kila mzunguko wa washa uliandikwa, pini iko shimo la ngapi, nani aliamua. Bila daftari lile tungebishana mpaka leo kama ubao ulipasuka kwa msokoto uliozidi au kwa kukosa mabamba. Daftari linaonyesha kwamba bunda la kulia lilikuwa limezungushwa sawa na la kushoto, na washa zote mbili zilizama. Msokoto uliharakisha, lakini mbao tayari zilikuwa zimelemewa. Sikubaliani na mhandisi juu ya hili, naye anajua.

Kosa kubwa lilikuwa namna tulivyowapanga mashahidi. Maandishi tuliyapa kiti, chuma tukakiacha kisimame mlangoni. Tulikiuliza chuma swali moja tu, upana wa tundu, kwa sababu jibu lake lilikuwa kwenye vitabu tayari. Kilipotujibu tulivyotaka, hatukukiuliza la pili. Filoni mwenyewe alilalamikia udhaifu unaoletwa na matundu katika mbao za fremu, kiasi cha kubuni mtambo wake wa kabari, ambao kamba zake hukazwa kwa kabari badala ya kuzungushwa. Malalamiko yake na mabamba ya Ampurias vilikuwa vinazungumzia ufa mmoja. Jedwali letu halikuwa na safu ya kuvikutanisha.

Kosa la kinyume chake nalo limewahi kutokea, na katika fani hiihii. Kuna maandishi mafupi yenye jina la Heron, juu ya mtambo uitwao cheiroballistra, yanayoorodhesha vipande vya chuma kimoja kimoja na michoro yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 msomi Rudolf Schneider aliyachapisha akiamini hayahusu silaha hata kidogo, kwamba ni kipande cha kamusi ya mambo ya ufundi yanayoanza na herufi K. Msomi mwingine, Eric Marsden, akayasoma upya kama mtambo, mwaka 1971. Muda mfupi baadaye, mwaka 1974, vikachapishwa vyuma vilivyochimbuliwa Gornea na Orsova, Romania: fremu ndogo za pembeni, na kule Orsova upinde wa kuziunganisha, vyenye maumbo yanayotajwa katika maandishi yale. Hapo chuma ndicho kilichoyaokoa maandishi. Kwetu maandishi yalikizima chuma.

Kuhusu mabamba, siwezi kumwambia mtu kwamba hayakuwa ngao kabisa. Fremu ya Ampurias imefunikwa kwa mbele pia, na jiwe likija litakutana na chuma. Kitu kimoja kinaweza kufanya kazi mbili. Tulichokosea ni kuipata kazi ya kwanza na kuacha kutafuta ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilitupunguzia kazi.

Na nailoni? Ningeinunua tena, kwa kujifunza kufunga. Nisingeiacha tena iamue kitu. Inalegea usiku na kukulazimisha kuzungusha, nasi tukadhani kuzungusha huko ndiyo tabia ya mtambo. Singa zina ukaidi wake zenyewe: mvua ikinyesha siku mbili, sauti ya bunda la kushoto inashuka kabla ya ile ya kulia, na bado hatujajua kwa nini la kushoto.

Ubao uliopasuka uko juu ya rafu ya karakana, umefungwa kamba usitengane. Machinjioni wanaendelea kutuwekea kano, siku hizi bila kucheka. Zilizokwisha kukauka na kufumuliwa zimejaza ndoo mbili, na kwa hesabu ya fundi chuma zinahitajika saba.